Noti Mkononi, Roho Mkononi

Simama dakika tano kwenye sheli yoyote ya barabara kuu, iwe Chalinze, Makambako au Voi, utamwona mhudumu wa pampu ameshika nozeli kwa mkono mmoja na bunda la noti kwa mkono wa pili. Noti zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole kama za konda wa daladala, kubwa kwa ndani, ndogo kwa nje, tayari kwa chenji. Hajazificha, wala hana pa kuzificha. Kila anayejaza mafuta anaziona, na asiyejaza pia anaziona: dereva wa bodaboda aliyeegesha pembeni, muuza karanga, kijana aliyeegemea ukuta wa duka ambaye hakuna ajuaye anamsubiri nani.

Kufikia saa mbili usiku bunda limenenepa. Foleni ya malori imepungua, nyumba za jirani zimeanza kuzima taa, na msichana wa miaka ishirini na kitu amebaki na mlinzi mmoja mwenye rungu, mauzo ya mchana kutwa yakiwa mkononi mwake. Kama kuna mtu aliyekuwa akimhesabia tangu jioni, hesabu yake imekamilika.

Ulinzi wa vituo vya mafuta ukizungumzwa kwetu, mazungumzo huanzia kwenye bunduki na kamera. Mmiliki huwauliza wenzake ni kampuni gani ya ulinzi ina askari wasiosinzia, na ni kamera zipi zinaona gizani. Ni maswali halali, ila yanakuja mapema mno. Kabla yake yapo mawili ambayo kuyauliza hakugharimu kitu: mhudumu ameshika fedha kiasi gani sasa hivi, na zikipotea atalipa nani? Jibu la swali la kwanza ndilo linalomwita mporaji. Jibu la pili ndilo linalomfanya mhudumu apambane naye badala ya kumwachia.

Waporaji nao wana hesabu zao, na kuna watu waliowahi kuwauliza. Miaka ya 1970 kampuni ya Southland, iliyokuwa ikimiliki maduka ya 7-Eleven huko Marekani, ilishirikiana na watafiti wa California kutafuta njia ya kupunguza uporaji katika maduka yake madogo yanayofungwa usiku sana. Miongoni mwa washauri wao alikuwemo mporaji wa zamani aliyekwisha kutumikia kifungo. Swali lilikuwa jepesi: kabla ya kuingia dukani, ulikuwa unaangalia nini? Yaliyotangulia ni kiasi cha fedha kilichomo, wepesi wa kutoka na kutokomea, na kama mtu aliye nje anaweza kuona yanayotendeka ndani.

Basi wakayafanyia kazi hayo. Katika maduka ya majaribio fedha zilipunguzwa kwenye droo, matangazo yakabanduliwa madirishani, kaunta ikawekwa mahali inapoonekana kutoka barabarani, taa zikaongezwa, na wafanyakazi wakafundishwa kumsalimu kila anayeingia huku wakimtazama usoni. Ripoti iliyotoka mwaka 1975 ilionyesha kuwa uporaji katika maduka hayo ulikuwa chini kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na maduka ambayo hayakuguswa. Hakuna risasi iliyonunuliwa.

Sasa liangalie duka la kituo chochote cha kwetu. Kioo cha mbele kimefunikwa kuanzia chini hadi juu kwa mabango ya soda, ya benki, ya bima na ya mitandao ya simu. Kampuni ya soda imefurahi, mwenye duka amepata friji ya bure, na polisi wa doria akipita barabarani haoni kama ndani kuna mtu amelazwa kifudifudi. Kubandua karatasi ni kazi ya nusu saa.

Mwaka 1992 jimbo la Florida lilitunga sheria kwa ajili ya maduka ya namna hii yanayofanya kazi kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, na ukiisoma utadhani iliandikwa kwa kufuata majibu ya yule mporaji mstaafu. Dirisha lionyeshe ndani. Maegesho yawe na mwanga wa kutosha. Pawe na kamera, na kengele ya kimya inayopiga kwa polisi bila mporaji kuisikia. Fedha ziishie kwenye sefu yenye tundu la kudumbukizia, na mlangoni kuwe na tangazo kwamba droo haina zaidi ya dola 50. Kingine ninachokipenda kuliko vyote ni alama za urefu zinazochorwa kwenye fremu ya mlango, ili mhudumu aliyetishwa asilazimike kukisia mbele ya askari kama mtu alikuwa mrefu au mfupi. Gharama yake ni kopo dogo la rangi na futi ya fundi cherehani. Duka ambalo limeshapatwa na uhalifu mzito linaongezewa sharti: lichague kuweka wafanyakazi wawili, au kioo kisichopenya risasi, au mlinzi, au kufunga mlango na kuhudumia kupitia kidirisha.

Suala la wafanyakazi wawili ndilo linalogombaniwa. Mji wa Gainesville, katika jimbo hilohilo, uliwahi kuamuru maduka yake yawe na wahudumu wawili usiku mwishoni mwa miaka ya 1980. Uporaji ulipungua sana. Wenye maduka wakadai sababu si mhudumu wa pili, bali ni genge fulani lililokamatwa wakati huohuo, na mabishano hayo hayajaisha mpaka leo kwenye maandishi ya wataalamu wa uhalifu. Mimi nadhani hata kama mtu wa pili hamzuii mporaji, anafanya kazi nyingine ambayo haiingii kwenye takwimu: yupo wa kupiga simu, wa kushuhudia, wa kumkimbiza mwenzake hospitali.

Turudi kwenye lile bunda. Kwa nini bado lipo? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo hakuna pampu isiyokuwa na namba ya kulipia iliyobandikwa ubavuni. Kwa hesabu ya kawaida noti zingekuwa zimeshatoweka mkononi mwa mhudumu. Hazijatoweka. Mteja anaogopa makato. Mtandao unasumbua saa ileile foleni inaporefuka. Na kuna wizi mpya ambao hauhitaji panga: mteja anaonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake mwenyewe, mhudumu anauamini, gari linaondoka, jioni fedha hazipo. Simu inayopokea ujumbe wa kweli iko ofisini kwa msimamizi, mita ishirini kutoka kwenye pampu. Kumpa mhudumu simu hiyo, au kifaa kinachotangaza malipo kwa sauti pale pale alipo, kungemaliza nusu ya utapeli huu, lakini wamiliki wengi wanaogopa simu hiyo itaibwa na mhudumu kuliko wanavyoogopa mhudumu kuibiwa.

Na ajabu yenyewe ni kwamba malipo ya simu yaliyopunguza noti kwenye pampu yamezirudisha kwa mlango wa nyuma. Duka la kituo limekuwa wakala. Mtu anakuja kutoa laki tano, mwingine kuweka milioni, na dada wa kaunta ambaye jana aliuza maji na biskuti leo anakaa na fedha za kibenki bila ukuta wa kibenki. Kama kituo kinataka biashara ya uwakala usiku, basi kiwe na kidirisha chenye nondo na mlango unaofungwa kwa ndani. Bila hivyo uwakala ufungwe jua likizama.

Dawa ya bunda inajulikana na si ngeni. Mhudumu abaki na chenji ya kiwango maalumu, tuseme elfu hamsini; kinachozidi akidumbukize kwenye kisanduku cha chuma kilichojengewa zege karibu na pampu, kila noti ikiandikwa kwenye karatasi ya zamu, na ufunguo usiwe kwa mtu yeyote aliyepo kituoni usiku. Kisha iandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, mahali panaposomeka kutoka kwenye usukani: WAHUDUMU HAWAWEZI KUFUNGUA SEFU. Tangazo hilo halimlengi mteja. Na lina faida ya pili ambayo nitaifikia.

Lakini kuna kikwazo ambacho chuma na zege haviondoi, nacho ni shoti.

Asiyefanya kazi kwenye pampu huenda hajui uzito wa neno hilo. Zamu inapoisha, msimamizi anasoma mita: lita zilizotoka mara bei, sawa na fedha zinazotakiwa. Zikipungua, umepata shoti, na shoti inakatwa kwenye mshahara. Haijalishi kama ulikosea chenji, ulipokea noti bandia, ulionyeshwa ujumbe wa uongo, au mtu alijaza tangi akaondoka kwa kasi bila kulipa. Mita haina safu ya maelezo.

Tufanye hesabu. Kima cha chini cha mshahara katika sekta ya biashara na viwanda Tanzania, kwa amri iliyoanza kutumika Januari 2023, kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, bei ambayo Dar es Salaam iliivuka mwaka huohuo, lita 50 ni shilingi 150,000. Kwa maneno mengine, dereva mmoja wa gari la kawaida anayekimbia na tangi lililojaa amekimbia na mshahara wa mwezi mzima wa mtu. Mhudumu analijua hilo kabla vumbi halijatulia. Ndiyo maana anarukia kioo cha gari linaloondoka. Ndiyo maana anang'ang'ania begi mbele ya panga. Tukisoma habari yake gazetini tunamwita shujaa au mjinga, wakati yeye alikuwa akitetea kodi ya chumba.

Wakanada wamelipia somo hili kwa vifo. Machi 2005, huko Maple Ridge katika jimbo la British Columbia, kijana wa miaka 24 aitwaye Grant De Patie alikuwa peke yake zamu ya usiku. Dereva alijaza mafuta ya dola kama 12 akaondoka bila kulipa. Grant alijaribu kumzuia. Gari likamgonga na kumburuta zaidi ya kilomita saba. Wazazi wake hawakukaa kimya, na tangu Februari 2008 jimbo hilo lina kanuni inayobeba jina lake: hakuna mafuta kabla ya malipo, na anayefanya kazi usiku lazima awe na mwenzake au awe nyuma ya kizuizi. (Mwaka 2012 wenye maduka walifanikiwa kuongezewa njia ya tatu, ya sefu, kamera na taratibu nyingine badala ya mtu wa pili. Ubishi wa Gainesville, safari hii kwa upande wa baridi.) Majimbo mengine yalichelewa. Toronto mwaka 2012, na Calgary mwaka 2015, wahudumu wengine waliuawa na magari ya watu waliokuwa wakikimbia na mafuta. Wote wawili walikuwa wahamiaji. Baada ya kifo cha Toronto watu hawakuzungumzia tu yule dereva. Walianza kuuliza ni waajiri wangapi wanawakata wahudumu fedha za mafuta yaliyoibwa, jambo ambalo sheria ya jimbo la mji huo ilikuwa imeshalikataza. Alberta, jimbo la Calgary, ililazimisha malipo ya kabla kuanzia Juni 2018.

Kwetu malipo ya kabla ni mepesi kuliko Kanada, maana tuna mhudumu kwenye kila pampu na mteja wa kawaida hasemi "jaza", anasema "weka ya elfu kumi". Kinachotakiwa ni kugeuza mpangilio tu: pesa kwanza, nozeli baadaye, angalau baada ya jua kuzama. Mteja mwenye gari kubwa atanuna. Anune. Akiambiwa kwamba ndio utaratibu wa kituo na si dharau ya dada aliyesimama mbele yake, atazoea, alivyozoea kulipia umeme wa Luku kabla ya kuutumia.

Na shoti? Hapa wahudumu wengi, na nahisi mameneja wengi pia, hawajui kilichoandikwa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara ila kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na iwe imesababishwa na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe maelezo kwa maandishi: hasara gani, kiasi gani, imekokotolewaje. Apewe nafasi ya kupinga. Kinachokatwa kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kenya nayo, katika Sheria ya Ajira ya 2007, inaruhusu kukata upungufu wa fedha pale tu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake umemkabidhi kazi ya kushika fedha.

Kuporwa kwa mtutu wa bunduki si kosa la mfanyakazi. Kukimbiwa na mteja ambaye kituo kimeruhusu ajaze kabla ya kulipa si kosa lake pia. Ni kosa la aliyepanga utaratibu. Daftari la shoti linalokata yote kwa mkupuo mwisho wa mwezi, bila karatasi na bila kumsikiliza mtu, limeikosea sheria hiyo karibu kila mstari. Mmiliki mmoja mmoja atasema: nikiacha kukata shoti, wataniibia. Huenda wapo watakaoiba. Lakini leo pampu zina mashine za risiti za kodi zinazoandika kila lita, na kamera iko juu ya paa. Kumtambua mwizi wa ndani kumekuwa rahisi kuliko zamani, na kumwadhibu mwizi mmoja hakuhitaji kuwakata wahudumu wanane.

Nimesema sefu isiyofungulika ina faida ya pili. Uporaji ukitokea, si ajabu mtu wa kwanza kulala mahabusu akawa mhudumu aliyekuwa zamu, labda bado damu haijakauka kwenye paji la uso. Polisi wana sababu: waporaji mara nyingi wanajua mengi mno, siku mauzo yanapokusanywa, mlango usiofunga vizuri, saa mlinzi anapokwenda kula. Habari hizo zinatoka ndani. Dawa yake ni kupunguza watu wenye habari. Mhudumu asiyejua fedha zinachukuliwa lini, na asiyeweza kufungua sefu hata akitaka, hawezi kulazimishwa kufungua, hawezi kuuza siri asiyokuwa nayo, na ni vigumu kumshuku. Meneja anayebeba mauzo ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwenye mfuko wa rambo kuelekea benki kila Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa gari lilelile na njia ileile, yeye ndiye anayetangaza habari.

Kamera zenyewe zina upungufu ambao wauzaji hawausemi. Hazimzuii mtu aliyefunika uso, na kile kisanduku kinachohifadhi picha mara nyingi kiko juu ya meza ya meneja, kikipepesa taa zake za buluu. Mporaji mwenye akili anakichukua pamoja na fedha. Kifungiwe chumba kingine, au picha zipelekwe mbali kwa intaneti. Kuhusu askari mwenye bunduki kandokando ya pampu, nitasema machache: mvuke wa petroli unaweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini kwenye sakafu. Hapo si mahali pa kufyatuliana risasi. Mlinzi akae mbali na pampu, mahali anapoona barabara, na kazi yake kubwa iwe kuona mapema.

Kuona kunahitaji mwanga, na umeme wetu unajulikana. Sekunde zile kati ya umeme kukatika na jenereta kuitika ni giza la bure kwa yeyote anayelisubiri. Taa mbili tatu zenye betri chini ya paa la pampu zinaziba pengo hilo.

Mhudumu aliyewahi kuporwa na akaumia ana haki nyingine inayosahaulika. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri peke yake. Jeraha la panga lililopatikana zamuni ni jeraha la kazini sawa na kidole kilichokatwa na mashine. Lakini mhudumu anayelipwa mkononi bila mkataba, ambaye jina lake halimo kwenye orodha yoyote, ataanza kwa kuthibitisha kwamba aliajiriwa.

Imebaki safari ya kwenda nyumbani, ambayo mipango mingi ya ulinzi huishia kabla ya kuifikia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 190 wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, ambao Uganda na Rwanda zimeuridhia, unahesabu safari ya kwenda na kutoka kazini kuwa sehemu ya ulimwengu wa kazi. Kwenye sheli maana yake ni hii. Kituo chenye zamu tatu kinabadilishana saa nne usiku, na dada aliyemaliza zamu anatafuta bodaboda ya mtu asiyemjua, akiwa na sare inayotangaza kwamba ametoka kushika fedha. Sheria ya Tanzania inampa nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kima kile cha 150,000, usiku mzima wa saa kumi ni nyongeza isiyofika shilingi 400, haitoshi nauli ya daladala. Vituo vinavyokwepa tatizo hili kwa zamu mbili, za kubadilishana saa kumi na mbili jioni na asubuhi kukiwa na mwanga, vinatumia saa zote 12 ambazo sheria inaziruhusu kwa siku, na mtu aliyesimama kwa muda wa saa kumi na moja hana macho ya kumtambua mporaji. Njia iliyobaki ni ya fedha kidogo: bajaji moja ya dereva anayejulikana, iliyokodiwa kwa mwezi na kulipwa na kituo, inayowashusha wahudumu wa zamu ya jioni mmoja mmoja mlangoni kwao.